Jarida halipati matangazo: anzia dalili, ufike kwenye chanzo

Mwongozo huu ni wa majarida madogo yanayojitegemea: ya fasihi, mahojiano, uchambuzi wa siasa na masuala ya siku, yanayotoka mara nne au sita kwa mwaka, nakala mia tano hadi elfu tatu, na wahariri wawili watatu wanaofanya kila kazi. Mifano imetoka zaidi Dar es Salaam na Nairobi. Dalili zimefuata safari ya tangazo lenyewe, tangu barua ya kwanza hadi pesa kuingia benki. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi ndiyo inayotangulia.

Tafadhali usiruke ukaguzi mwepesi. Wahariri wengi wakikosa matangazo husema "watu hawapendi fasihi", wakabadilisha nembo, wakapunguza mashairi, wakaweka msanii wa bongofleva kwenye jalada. Mara nyingi kasoro haikuwa kwenye fasihi hata kidogo. Ilikuwa kwenye anwani, tarehe na hesabu ya nakala.

DALILI YA 1: Mnaandika barua, hakuna anayejibu

Chanzo cha kawaida kabisa: barua imekwenda kwenye anwani ya jumla ya kampuni. Fungua orodha ya barua mlizotuma miezi mitatu iliyopita, hesabu ngapi zina jina la mtu. Kama ni chache, tatizo mmelipata. Piga simu mapokezi, omba jina la afisa masoko anayeshughulika na matangazo ya magazeti na majarida, kisha mwandikie yeye. Kwa biashara ndogo, kama duka la vitabu, mgahawa, chuo cha lugha au nyumba ya sanaa, barua pepe ni kupoteza muda. Nenda na nakala mkononi, asubuhi, katikati ya wiki, mwombe mwenye duka dakika kumi. Umfungulie ukurasa ambao tangazo lake lingekaa, alione kwa macho yake.

Chanzo cha pili ni msimu. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai 1, kwa hiyo taasisi ya umma unayoifuata Mei huwa inafunga hesabu, na majibu yake yatakuwa "subirini bajeti mpya". Kampuni nyingi binafsi zinafuata mwaka wa kalenda, na hupanga fedha za matangazo Oktoba na Novemba. Wachapishaji wa vitabu vya kiada wanawawinda walimu na wazazi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tamasha la muziki la Sauti za Busara hufanyika Zanzibar Februari, Maonesho ya Vitabu ya Kimataifa ya Nairobi hufanyika Septemba, na Julai 7 inabeba Sabasaba na Siku ya Kiswahili Duniani kwa pamoja. Jarida la Kiswahili lisilo na toleo la kuuzia matangazo mwishoni mwa Juni linaacha pesa mezani. Chukua kalenda, weka alama kwenye tarehe hizo, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Hapo ndipo barua inapotakiwa kutoka.

Chanzo cha tatu: mnabisha milango isiyo yenu. Kampuni za simu, bia na benki kubwa hununua wingi wa wasomaji, na wingi nyinyi hamna. Wateja wa kwanza wa jarida la fasihi ni wale ambao mnunuzi wao lazima awe msomaji: wachapishaji wa vitabu, maduka ya vitabu, vyuo vikuu vinavyotafuta wanafunzi wa uzamili, vituo vya utamaduni kama Goethe-Institut na Alliance Française, matamasha, tuzo za uandishi zinazotaka miswada, mitambo ya uchapaji, watafsiri. Mtu anayetafuta mswada wa riwaya ya Kiswahili hawezi kumpata mwandishi wake kwa urahisi kwenye bango la barabarani. Kwenu atampata.

Chanzo cha nne hakisemwi wazi: mteja amekagua, hakuona kwamba mmesajiliwa. Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka chombo cha kuchapishwa kiwe na leseni. Weka namba ya leseni, namba ya mlipakodi (TIN) na anwani ya ofisi kwenye ukurasa wa wahariri wa kila toleo.

SIMAMA HAPA: kama leseni haipo au imeisha, usiendelee kuuza matangazo ya toleo lijalo. Nenda Idara ya Habari (MAELEZO), na kama suala lina utata mtafute wakili anayejua sheria za habari kabla ya kupokea pesa ya mtu.

DALILI YA 2: Wanasifu sana, hawanunui

Hii ndiyo dalili inayoua majarida mengi, na ndiyo inayotibika vizuri kuliko zote. Simu huenda hivi:

"Dada, jarida lenu zuri sana, hongereni. Mna wasomaji wangapi?"

"Wengi tu, kaka, hasa vijana wanaopenda kusoma."

"Sawa. Nitumie kwenye barua pepe, nitaangalia."

Baada ya hapo hupokelewi tena simu. Yule kaka hakuwa na nia mbaya. Ana bosi wake, na bosi atamuuliza swali lile lile. Hawezi kuingia ofisini kwa bosi na jibu la "wengi tu".

Ukaguzi mwepesi: mwombe kila mmoja wa timu aandike kwenye karatasi, bila kushauriana, nakala ngapi za toleo lililopita zilifika mikononi mwa watu. Mkipata majibu matatu tofauti, msimpigie mteja simu nyingine yoyote kabla hamjaifanya hesabu hii. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu yenyewe ina mistari michache. Chukua mfano wa kubuni: toleo la Machi lilichapwa nakala 1,500, waliojiandikisha walitumiwa 420, maduka na wauzaji wa mkononi waliuza 510, maktaba, vyuo na waandishi walipewa bure 200, masalia yaliyorudi ni 370. Nakala zilizofika kwa wasomaji ni 1,130. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mteja. Kuna kishawishi cha kusema 1,500, au kuzidisha kwa tano kwa madai kwamba kila nakala inasomwa na watu watano. Usifanye hivyo. Mteja wa jarida dogo huwa karibu sana na jarida lenyewe; siku moja ataingia dukani, aone rundo la toleo lenu la miezi sita iliyopita limejaa vumbi, na neno lako halitasimama tena.

Baada ya hesabu ya nakala, mjue msomaji. Weka karatasi ya maswali katikati ya jarida, na maswali yale yale kwenye kiungo cha WhatsApp kwa waliojiandikisha. Maswali manane yanatosha: unaishi wilaya au kaunti gani, umri wako uko kundi gani, unafanya kazi gani, nakala hii utampa nani baada yako, miezi mitatu iliyopita umenunua vitabu vingapi, ulivinunua wapi, umehudhuria tamasha au uzinduzi gani mwaka huu, hili jarida ulilipata wapi. Mshahara usiulize. Watu watadanganya au watatupa karatasi. Toa zawadi ndogo inayoendana na kazi yenu, kwa mfano matoleo manne ya bure kwa watakaoshinda bahati nasibu.

Mkipata majibu mia moja na ushee mna kitu cha kuuza, ila yaandikeni yalivyo. "Kati ya wasomaji 140 waliotujibu, 61 ni walimu au wahadhiri" ni sentensi ambayo mchapishaji wa vitabu atainunua siku hiyo hiyo. "Asilimia 44 ya wasomaji wetu ni walimu" ni sentensi nyingine, na hamjaithibitisha, kwa sababu wanaojaza fomu si sawa na wote wanaosoma.

Sehemu hii ya kazi inachosha, na hakuna mhariri aliyeanzisha jarida kwa sababu anapenda kuhesabu masalia. Lakini ndiyo inayolipia mashairi.

Chanzo cha pili: orodha ya bei inasomeka kwa shida. Nimeona ya kurasa kumi na mbili, yenye historia ya fasihi ya Kiswahili tangu enzi za tenzi, bei ikiwa ukurasa wa kumi na moja. Afisa masoko anataka ukurasa mmoja: jarida ni nini kwa sentensi mbili, nakala zilizofika, msomaji ni nani, vipimo na bei, tarehe ya mwisho ya kupokea tangazo, tarehe ya kutoka, mtu wa kupigiwa. Uwe PDF nyepesi inayofunguka kwenye simu.

Chanzo cha tatu, adimu: mteja kweli hafai. Msimbembeleze. Mwombeni ruhusa ya kumtumia toleo lijalo, muendelee na mwingine.

SIMAMA HAPA: mteja akiomba majina na namba za simu za waliojiandikisha ili awatumie ujumbe, jibu ni hapana mpaka mwanasheria aseme vinginevyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mkitaka ujumbe wake uwafikie, tumeni nyinyi wenyewe kwa wale tu waliokubali kupokea.

DALILI YA 3: Wananunua mara moja, hawarudi

Angalia kwanza tarehe. Toleo la Juni lilitoka lini hasa? Likitoka Agosti wakati tangazo lilikuwa la tamasha la Julai, mmechukua pesa ya mtu mkamchapia kumbukumbu. Kuchelewa ndiko kunakofukuza wateja wengi kuliko sababu nyingine zote zikijumlishwa, kwa maoni yangu. Dawa ni kutangaza matoleo machache mnayoyamudu. Jarida linalotoka mara tatu kwa mwaka, kila mara kwa siku iliyoahidiwa, linauzika kuliko la kila mwezi linalotoka likijisikia. Mkiona mtachelewa, mpigie mteja kabla hajakupigia, umwambie tarehe mpya, umpe nafasi ya kurudishiwa pesa yake.

Kama tarehe iko sawa, uliza: je, mteja aliliona tangazo lake? Wengi hawatumiwi hata nakala. Siku jarida linapotoka kiwandani, nakala mbili ziende kwake, kipande cha karatasi kikionyesha tangazo lilipo, pamoja na barua fupi ya shukrani. Nakala hiyo pia ndiyo ushahidi ambao mhasibu wake atauomba kabla ya kulipa.

Tatu, ubora wa tangazo lenyewe. Mteja mdogo hana msanifu. Atakutumia picha aliyoitoa Instagram, ikipita WhatsApp imepunguzwa tena, na ikichapwa ukurasa mzima wa A4 inakuwa ukungu. Mwambie mapema, kwa maandishi: picha iwe na dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa wa kuchapwa, rangi ziwe CMYK (mfumo wa rangi za uchapaji), na kama tangazo linafika ukingoni mwa karatasi liongezwe milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Maandishi yasiwe karibu na mshono, yatamezwa. Akitumia WhatsApp, atume faili kama dokyumenti, asitume kama picha. Kwa asiyeweza yote hayo, msanifu wenu amtengenezee kwa ada ndogo, aone mfano na asaini kabla ya kwenda kiwandani. Saini hiyo itawaokoa siku namba ya simu itakapokosewa.

Nne, mteja hana namna ya kujua tangazo lilimletea nini. Mpe njia: neno la siri la punguzo ("taja jarida letu, upunguziwe"), au namba ya simu ya pekee, au msimbo wa QR. Wiki sita baadaye mpigie uulize. Kama ni watu watatu tu waliokuja, pokea jibu hilo, mshauriane kuhusu maneno ya tangazo. Mara nyingi tangazo lenyewe halikumwomba msomaji afanye chochote.

DALILI YA 4: "Bei yenu kubwa"

Hapa ni kwa kifupi. Kwanza kagua kama bei imetoka hewani. Jumlisha gharama za toleo zima, yaani uchapaji, usafirishaji, malipo ya waandishi na usanifu, kisha amua matangazo yabebe sehemu gani. Jarida la kurasa 64 likitenga kurasa 10 kwa matangazo na kutaka zilipie nusu ya gharama, bei ya chini ya ukurasa inajihesabu yenyewe. Jalada la nyuma na kurasa za ndani za jalada ziwe ghali zaidi. Chini ya bei ya chini msishuke. Badala ya kupunguza, ongezeni: anayelipia matoleo matatu kwa pamoja apewe la nne, au meza kwenye uzinduzi.

Mali kwa mali inafaa ikiwa mnapewa kitu ambacho mngekinunua: karatasi, ukumbi, tiketi za basi za kusafirisha vifurushi kwenda Mwanza au Mombasa. Andikeni thamani yake kwa shilingi pande zote mbili, na muulizeni mhasibu namna ya kuiingiza vitabuni, maana kodi haiishii kwenye pesa taslimu. Mkipitia kwa wakala wa matangazo, kumbukeni ana kamisheni yake, na asilimia 15 ni kiwango cha jadi. Iwe ndani ya bei tangu mwanzo.

DALILI YA 5: "Tunaogopa siasa" au "Tuonyesheni makala kwanza"

Hofu hii ina msingi, na si vizuri kumdharau anayekuwa nayo. Magazeti ya Mawio, Mseto, MwanaHALISI na Tanzania Daima yalikaa nje ya soko kwa miaka hadi leseni ziliporudishwa Februari 2022, na mwenye biashara anakumbuka. Hataki nembo yake iwe kwenye ukurasa wa kushoto wakati ukurasa wa kulia unamkera waziri.

Ukaguzi: anaogopa jarida zima, au ujirani? Mara nyingi ni ujirani. Basi mpe nafasi kwenye sehemu ya mapitio ya vitabu, hadithi au sanaa, na uiandike kwenye mkataba. Umemsaidia, na hakuna neno lililobadilishwa kwenye makala.

Kama anachotaka ni kusoma makala kabla ya kuchapwa, au kuondoa jina la mtu, hapo hakuna dawa ya kati. Kataeni kwa heshima, kwa maandishi, na mrudishe pesa kama ilishapokelewa. Nayasema haya nikijua kodi ya ofisi haisubiri. Lakini msomaji anayenunua jarida la masuala ya siku ananunua uhakika kwamba mlichokiona mmekiandika. Mkiuuza huo uhakika kwa ukurasa mmoja, mteja wa pili hatakuwa na cha kununua. Makala ya kulipiwa inaruhusika ikiwa juu ya kila ukurasa wake pameandikwa hivyo, kwa herufi zinazoonekana, na muundo wake haufanani na kurasa za wahariri.

Chanzo kingine ni cha ndani: mfuko mmoja unabeba jarida zima, kwa hiyo kila anachokitaka mwenye mfuko kinasikika kama amri. Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, lilikuwa jarida kubwa la fikra Afrika Mashariki. Likaja kutikiswa ilipojulikana kwamba msaada lililoupata kupitia Congress for Cultural Freedom ulikuwa na pesa za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, nyuma yake, na mwaka 1968 serikali ya Rais Obote wa Uganda ikamkamata Neogy, mhariri wake. Hakuna anayethibitisha kwamba makala zilinunuliwa. Doa lilibaki hata hivyo. Jiwekeeni kanuni ya ndani, kwa mfano mteja au mfadhili mmoja asizidi robo ya mapato ya mwaka, na muulize pesa inatoka wapi kabla ya kuipokea.

SIMAMA HAPA: mkipata barua ya wakili kuhusu makala, au simu kutoka ofisi ya serikali inayotaja leseni, mhariri asijibu mwenyewe na muuza matangazo asijaribu kutuliza mambo. Mwanasheria kwanza.

DALILI YA 6: Tangazo limetoka, pesa haijaja

Mara nyingi mmekosa karatasi, na deni halijawa bovu bado. Kagua kwa mpangilio huu. Kuna LPO (hati ya mteja ya kuagiza) au mkataba uliosainiwa kabla tangazo halijachapwa? Neno la "wekeni tu, tutalipa" kwenye WhatsApp ni zuri kwa urafiki, mhasibu wao hawezi kulilipia. Ankara ilitumwa siku ile jarida lilipotoka, ikiwa na namba ya LPO? Nakala yenye tangazo iliambatanishwa? Ankara iko kwenye mfumo unaotakiwa? Kenya, tangu Januari 2024, kampuni ikilipa bila ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato) inapata tabu kuihesabu gharama hiyo kwenye kodi, kwa hiyo ankara ya Word itakaa droo. Tanzania watataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi.

Pesa ikija pungufu, angalia kama wamekata kodi ya zuio. Mara nyingi huwa asilimia 5. Daini cheti chake, maana ni kodi yenu iliyokwishalipwa. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, lakini ambaye hajasajiliwa kwa VAT haruhusiwi kuitoza. Mkiwa na shaka juu ya hili, wa kumuuliza ni mhasibu aliyesajiliwa, si rafiki anayejua Excel.

Wakala wa matangazo ni habari nyingine. Mteja anaweza kuwa amemlipa wakala miezi miwili iliyopita na wakala akaizungusha pesa hiyo kwingine. Kabla ya kuchapa, mkataba utaje nani anadaiwa wakala asipolipa.

Kufuatilia kuna hatua zake: siku ya 30, ujumbe wa upole kwa afisa masoko, siku ya 45, simu kwa mhasibu mwenyewe, siku ya 60, barua rasmi, na hakuna tangazo jipya la mteja huyo mpaka alipe. Msimtangaze mdaiwa mitandaoni. Mtajitia kwenye kesi ya kashfa na bado pesa hamna.

SIMAMA HAPA: zikipita siku 90 bila tarehe ya malipo kwa maandishi, mpe mwanasheria faili. Kwa Kenya, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Faili liwe na LPO, mfano wa tangazo uliosainiwa, nakala ya jarida, ankara, hati ya kupokelewa kwa ankara, na ujumbe wote mliobadilishana ukiwa umechapwa na kupangwa kwa tarehe.